Mwenye jengo ni nani moto unapozuka?

Kuna sentensi nne ambazo msomaji wa magazeti yetu amezizoea kiasi cha kuweza kuzikariri usingizini. Moto ulizuka. Mlango ulikuwa umefungwa. Maisha yalipotea. Uchunguzi unaendelea. Kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha isimu, nimekuwa nikiwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa pili sentensi hizi wazichanganue, na kila mwaka wao hugundua jambo lile lile: hamna mtu ndani yake. Moto umezuka wenyewe, mlango umefungwa na asiyetajwa, na maisha yamepotea kana kwamba ni sarafu iliyodondoka kwenye mfuko uliotoboka. Kinachotenda kitendo humo ni uchunguzi peke yake, nao, kama tujuavyo sote, huendelea.

Kosa si la Kiswahili. Lugha hii ina vitenzi vya kutosha kumtaja aliyefanya na aliyeacha kufanya. Nyumba huungua, lakini pia huunguzwa. Mlango hufungwa, na aliyeufunga huweza kutajwa kwa jina lake na cheo chake. Tukitaka tunaweza kuandika kwamba bawabu alitia kufuli saa tatu usiku kwa amri ya mkuu wa shule, na kwamba bodi haikununua vizimamoto kwa miaka minne mfululizo. Sentensi za namna hiyo ni fupi, sanifu na rahisi kueleweka. Hatuziandiki kwa sababu zinamgusa mtu.

Naandika haya nikiwa nakumbuka usiku wa tarehe 5 Septemba, 2024, katika shule ya Hillside Endarasha Academy, kaunti ya Nyeri, ambapo wavulana 21 wa shule ya msingi waliangamia bwenini. Bweni lenyewe lilikuwa la mbao na mabati, na lililaza watoto zaidi ya 150. Kabla ya hapo, mnamo Septemba 2017, wasichana kumi walikufa katika shule ya Moi Girls, Nairobi. Kabla yao, Machi 2001, wavulana 67 wa Kyanguli, Machakos, waliteketea katika bweni ambalo mlango wake mmoja ulikuwa na kufuli na madirisha yake yalikuwa na nondo. Na kabla ya Kyanguli, Machi 1998, wasichana 26 wa Bombolulu, kule Kwale, walifia katika bweni lililosongamana, lenye nondo vile vile. Baadhi ya walimu wanaosoma ukurasa huu hawakuwa wamezaliwa Bombolulu ilipoungua. Nondo zimewasubiri wakazaliwa, wakasoma, wakahitimu na kuajiriwa.

Hebu basi tujiulize sheria inasema nini, maana wengi wetu tunaamini kwamba haisemi kitu. La hasha. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, pamoja na Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto za mwaka huo huo, zimetaja wajibu kwa lugha isiyo na chembe ya utata. Mahali pa kazi sharti pakaguliwe kwa ajili ya usalama wa moto angalau mara moja kila miezi kumi na miwili, na mkaguzi huyo awe mtaalamu aliyeidhinishwa. Sharti kuwe na kikosi cha watu waliofunzwa kuukabili moto. Sharti watu wafanye zoezi la kutoka jengoni angalau mara moja kwa mwaka. Sharti kuwe na milango ya dharura, na vifaa vya kuzimia moto viwekwe na kutunzwa ili vifanye kazi siku vinapohitajika. Tena shule ni mahali pa kazi, hata kama tumezoea kuiita mahali pa masomo. Mwalimu, mpishi, matroni na bawabu wote wameajiriwa hapo.

Kwa upande wa shule pekee, Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wake wa viwango vya usalama mwaka 2008, miaka saba baada ya Kyanguli. Nauweka mwongozo huo katika rafu moja na kamusi zangu, kwa maana ni kitabu cha fasili. Unafasili bweni. Bweni ni chumba ambacho nafasi kati ya kitanda na kitanda haipungui mita 1.2, ambacho njia yake ya katikati haipungui mita mbili, ambacho milango yake ina upana wa futi tano na hufunguka kwa nje, ambacho kina mlango wa dharura katikati, ambacho madirisha yake hayana nondo na hufunguka kwa urahisi, na ambacho hakifungwi kamwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani. Kwa fasili hiyo, vyumba vingi tunavyoviita mabweni si mabweni. Ni maghala yaliyotiwa vitanda. Wizara yenyewe ilikiri hivyo kwa vitendo ilipofunga sehemu za malazi katika shule za msingi 348 kuelekea mwisho wa mwaka 2024, baada ya ukaguzi uliofuatia msiba wa Endarasha.

Sheria ipo, basi. Swali gumu ni hili: inamwambia nani?

Hapa ndipo neno moja dogo linapotusumbua. Sheria yetu ya mahali pa kazi haimwelekei hasa yule anayeshika hatimiliki ya jengo. Inamwelekea mtu anayelikalia jengo na kulitawala, awe ndiye mwenye hati au asiwe. Kiingereza cha sheria kina neno lake kwa mtu huyo. Kiswahili hakijakubaliana juu ya istilahi, na waandishi wetu husema ‘mwenye jengo’, ‘msimamizi’, ‘mpangaji’ au ‘wenyewe’ bila ya kutofautisha. Ukitaka kuona madhara yake, mwulize mwenye jengo la orofa saba pale mjini kuhusu ngazi ya dharura, atakwambia umwulize mpangaji. Mwulize mpangaji, atakwambia yeye anakodi duka tu, ngazi si zake. Mwulize wakala anayekusanya kodi, atakwambia yeye hukusanya kodi. Waingereza katika sheria yao ya moto ya mwaka 2005 walijaribu kuikata fitina hii kwa kumtaja tu ‘mtu mwenye wajibu’, lakini hata neno hilo halikulizuia jumba la Grenfell, London, kuwaka Juni 2017 na kuua watu 72. Ripoti ya mwisho ya uchunguzi wake ilitolewa tarehe 4 Septemba, 2024, siku moja kabla ya Endarasha, nayo ilikuta msururu mrefu wa watu na makampuni, kila mmoja akidhani jambo lile lilikuwa la mwenziwe.

Katika shule za umma ugonjwa huu umekomaa zaidi. Ardhi ni ya serikali, au ya kanisa lililofadhili. Bweni lilijengwa na wazazi kwa harambee. Walimu wanaajiriwa na tume, bawabu anaajiriwa na bodi. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hata hivyo Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 haikuliacha jambo hili hewani. Miongoni mwa kazi za bodi ya usimamizi ya shule imeorodheshwa kazi ya kuhakikisha usalama wa wanafunzi, walimu na wafanyakazi wengine. Bodi. Yaani watu kumi na kitu wanaokutana mara chache kwa muhula, wakanywa chai na mandazi, wakapitisha kumbukumbu za mkutano uliopita.

Nawajua watu hao kwa sababu nilikuwa mmoja wao.

Mwaka 2019 nilikuwa katika bodi ya shule moja ya upili ya wasichana ambayo sitaitaja. Mkuu wa shule, mama mwenye busara na hofu ya Mungu, alituletea mambo mawili ambayo fedha zilizokuwapo zingetosha moja tu. La kwanza lilikuwa kung'oa nondo katika madirisha ya mabweni mawili na kutoboa mlango wa tatu katika bweni kubwa. La pili lilikuwa kulipa malipo ya kwanza ya basi la shule. Tulijadiliana kwa muda wa saa nzima. Mwenzetu mmoja alisema nondo zikitoka wezi wataingia. Mwingine akasema wezi ni wadogo, shida ni wavulana wa kijijini. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye alimzika mtoto wa ndugu yake Kyanguli. Tukanyamaza kidogo kwa heshima. Kisha tukapiga kura, na basi likashinda. Mimi, mwenye shahada ya uzamifu, ninayewafundisha vijana kwamba sentensi isiyo na mtenda huficha jambo, niliinua mkono wangu kwa ajili ya basi. Katika kumbukumbu za mkutano imeandikwa: ‘Iliamuliwa kwamba suala la madirisha liahirishwe.’ Iliamuliwa. Na nani? Soma sentensi hiyo tena, mwanafunzi wangu.

Muhula wangu katika bodi ulikwisha. Asubuhi ya habari za Endarasha nilimpigia simu yule mama. Sikumwamkia vizuri hata, nikamwuliza moja kwa moja juu ya nondo. Akaniambia, ‘Daktari, nondo zipo. Basi ndilo liko gereji.’

Sitaki nionekane kuwatwika walimu wakuu mzigo wote, kwa maana hoja zao nazijua na si za kipuuzi. Wanaosema wezi wanasema kweli. Vijiji vingi havina polisi wa karibu, na mzazi ambaye binti yake ameibiwa au kushambuliwa usiku hatasikiliza hotuba ya milango ya dharura. Wanaosema ni wanafunzi wenyewe wanaochoma pia wanasema kweli. Mwaka 2016 peke yake zaidi ya shule mia moja zilichomwa, nyingi kwa mikono ya waliolala humo. Kyanguli ni petroli iliyomwagwa. Lakini hapa tunachanganya maswali mawili. Swali la nani aliyewasha moto lina jibu lake mahakamani, na wapo waliohukumiwa. Swali la kwa nini waliokuwa ndani hawakutoka ni lingine kabisa, na jibu lake halimtegemei aliyewasha. Mlango unaofunguka kwa nje humtoa mtoto katika moto wa hitilafu ya umeme na humtoa katika moto wa petroli. Sheria haikumwambia mwenye jengo azuie kila kiberiti nchini. Ilimwambia aache njia wazi.

Na kuhusu wezi, nondo hazikuwa dawa pekee. Ua unaopitisha macho, taa, bawabu anayelala mchana badala ya usiku, dirisha linalofungwa kwa komeo la ndani ambalo mtoto wa miaka tisa analiweza. Vyote hivi ni rahisi kuliko jeneza.

Utetezi mwingine, wa watu wazima wote, ni kwamba hawakujua. Utetezi huu una historia. Tarehe 25 Machi, 1911, kiwanda cha nguo cha Triangle mjini New York kiliungua, na wafanyakazi 146 wakafa, wengi wao wasichana. Mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa ili wafanyakazi wasitoroke wala kuiba vitambaa. Wenye kiwanda wawili walishtakiwa. Wakaachiliwa huru, kwa maana upande wa mashtaka ulitakiwa kuthibitisha kwamba walijua mlango ule ulikuwa umefungwa saa ile, na haukuweza kuliridhisha baraza la mahakama. Miaka miwili baadaye mmoja wao alipatikana tena na mlango uliofungwa katika kiwanda kingine. Alitozwa faini ya dola 20.

Nimeisimulia hadithi hiyo ya mbali kwa sababu inaeleza vizuri kuliko hotuba yoyote kazi ya ukaguzi wa kila mwaka. Wengi wetu tunauona ukaguzi kuwa njia ya kaunti au ya mtaalamu fulani kutuchomoa fedha, na yamkini kuna mahali ambapo ndivyo ulivyo. Lakini kiini chake ni kuua lile neno ‘sikujua’. Mkaguzi akishaandika kwamba mlango wa magharibi una kufuli na ripoti ikawekwa mezani kwa mwenye kulitawala jengo, mtu huyo amejua. Asipotenda, ameamua. Ndiyo sababu wengine hawataki kabisa kukaguliwa, na ndiyo sababu wengine hununua cheti bila ya ukaguzi: wanataka karatasi lakini hawataki habari.

Karatasi nazo tunazo. Nje ya ukumbi ninamofundishia, katika orofa ya tatu, umening'inia mtungi mwekundu wa kuzimia moto wenye kibandiko cha tarehe za ukaguzi. Nilipoanza kuwapa wanafunzi zile sentensi nne, niliwatoa nje wakausome ule mtungi pia kama matini. Tarehe ya mwisho kuandikwa ilikuwa na umri wa miaka mitano. Mshale wa kipimo ulikuwa umelala katika eneo jekundu, maana yake hewa ya kusukuma dawa imekwisha. Maelezo yake yote yalikuwa kwa Kiingereza, ingawa Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na mama anayefagia orofa hiyo usiku, ambaye ndiye pengine atakayeuona moto kwanza, huzungumza nami kwa Kiswahili. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama kifaa hicho kiko pale kwa ajili ya moto au kwa ajili ya mkaguzi. Niliandika barua kwa idara husika. Mtungi umebadilishwa, na kibandiko kipya kina tarehe. Maelezo ni yale yale ya Kiingereza.

Walimu wenzangu mara nyingi hunijibu kwa methali. Ajali haina kinga, husema, na mjadala ukaisha. Methali ni mali yetu na siichezei, ila nakumbusha kwamba wahenga hao hao walituachia nyingine: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga ya pili hii si ile ya kujihami. Ni kijinga cha moto, ukuni unaowaka. Weka viwili pamoja upate moto. Kufuli ni kimoja, nyaya za umeme zilizochubuka ni kingine, magodoro ya sponji yaliyobanana ni cha tatu. Wahenga hawakusema moto hujizukia.

Kwa wanafunzi nina ombi ambalo halihitaji ruhusa ya mtu. Usiku wa leo, kabla ya taa kuzimwa, inukeni kitandani mwende mlangoni, mkihesabu hatua. Ihesabuni tena macho yakiwa yamefumbwa, maana moshi hauachi mtu aone, nao huua kabla ya moto kufika. Kisha usukumeni mlango. Ukifunguka kwa ndani, au usipofunguka, mwambieni mwalimu wa zamu asubuhi, na mwambieni kwa maandishi. Kwa walimu, ombi langu ni moja tu: ulizeni ripoti ya mwisho ya ukaguzi wa moto ya shule yenu ni ya tarehe gani. Msiulize kama ipo, kwani jibu la swali hilo huwa ni ndiyo. Ulizeni tarehe. Ninyi ni wafanyakazi mahali hapo, na sheria ya 2007 iliandikwa kwa ajili yenu pia. Huduma za zimamoto ziko mikononi mwa kaunti. Mkuu wa shule anaweza kuwaalika maafisa wake wakaja kuangalia zoezi la kutoka mabwenini hata kabla ya kuombwa fedha ya cheti.

Katika likizo ya mwisho wa mwaka 2024, yule mama mkuu wa shule alimwita fundi wa kuchomelea vyuma kutoka sokoni. Alizikata nondo za mabweni yote mawili kwa siku mbili. Gharama, aliniambia, haikufikia bei ya magurudumu manne ya lile basi. Vyuma vilivyotoka vilitengenezewa lango la bustani ya shule, na nimeliona, ni lango zuri.

Mlango wa tatu katika bweni kubwa bado haujatobolewa. Umechorwa kwa chaki ukutani, futi tano kwa futi saba, na wasichana wamekwisha kuubandika jina. Bodi inakutana juma la pili la muhula ujao. Nimeomba nialikwe nikae nyuma, na nimemwomba katibu kwamba safari hii kumbukumbu zitaje majina ya waliopiga kura.